Sauti Yenye Ba Royd Alikataa Kufuta

Nchelenge, tarehe 3 mwezi wa tano, 2025

Kwa Mama Fidélie, mwalimu wangu,

Jambo sana. Ni miye Evariste, mutoto wa Banza fundi wa baiskeli, wa darasa ya sita kule kambini ya bakimbizi. Usishangae kuona barua. Nilikupigia simu mara nyingi: inalia, inalia, hakuna mwenye kujibu. Halafu nikakutana na Dada Cadette, yule mwenye kuvusha samaki na bitenge juu ya ziwa, kati ya Kilwa ya kwenu Congo na Nchelenge ya huku Zambia. Akaniambia uko muzima, unakaa nyuma ya soko, na barua unasoma vizuri kuliko padri. Basi nimenunua karatasi.

Mwalimu, sasa nina kazi. Kompyuta za shule za huku zimezeeka. Wenye kutengeneza système ya zamani, ile programu yenye kuendesha kompyuta, bamesema mwaka huu banaacha kuitunza, na ile mupya yabo ni nzito, haikubali kuingia mu kompyuta kama zetu. Kwa hiyo projet moja imechagua shule kumi na moja zihamie kwa système ingine, nyepesi, na miye njo nimetumwa kufanya ile kazi na kufundisha balimu. Ninatembea na pikipiki toka boma mpaka mwisho wa barabara ya ziwa. Kila nikifungua mulango wa salle yenye kompyuta, nakumbuka ile moja yetu, vile ulikuwa unaifunika na kitenge juu ya vumbi, na vile ulitupanga mustari ili kila mutoto aguse herufi moja tu ya jina lake.

Lakini sikuandika juu ya kujisifu. Nimefanya vibaya.

Ilikuwa shule ya kwanza. Jina yake nitaliacha. Kuna mwalimu pale, Madame Dorica. Nilimuuliza, "Umeisha kuhamisha vitu vyako?" Akajibu, "Ndiyo, nimehamisha byote." Nikafuta kompyuta, nikaweka système mupya, kazi ya saa mbili. Kumbe kwake kuhamisha ilikuwa kutoa dossier upande wa kushoto wa kioo na kuiweka upande wa kuume. Miaka sita ya masomo yake, maswali ya examen, alama za batoto, byote bimekwenda. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akatazama kioo, akasema kwa Kibemba, "Basi ni miye nimekufa."

Tangu siku ile balimu ba shule zingine banaambiana, "Yule mwenye kufuta anakuja." Banafunga milango. Mwalimu, wewe ulikuwa unaingia mu darasa ya batoto mia moja wenye njaa na hasira, na bananyamaza. Ulifanya namna gani?

Wiki ya mwisho wa mwezi nitafika Kabuta. Ba Royd Nkonde anafundisha pale sasa. Unamukumbuka?

Mwanafunzi wako,
Evariste Banza


Kilwa, tarehe 14 mwezi wa tano, 2025

Evariste mutoto wangu,

Barua yako ilifika ikinuka samaki, lakini ilifika. Niliisoma mara tatu. Mwandiko wako bado unaanguka kwa kuume sawa mutu mwenye kubeba gunia. Nilikupiga juu ya ule mwandiko. Sasa nimefurahi haukunisikia.

Juu ya simu, usisumbuke. Réseau ya huku ni mateso. Uniandikie tu.

Unaniuliza juu ya batoto mia moja wenye hasira. Sikuwa na dawa. Nilikuwa nikikosea, ninakosea mbele yabo, na ninafuta ubao mbele yabo. Umesahau siku niliandika jina la muto Luapula vibaya, na wewe mwenyewe ukasimama ukanisahihisha? Nilikupa chaki. Rudi kwa yule mwalimu Dorica. Usipeleke pole ya mudomo. Kaa kwa banc yake, chukua daftari zake za mukono, mwambie, "Nisomee, miye ninaandika." Hata ikamate wiki. Balimu bengine bataona wenyewe.

Na usimwambie kama alielewa vibaya. Wewe njo uliuliza vibaya.

Royd! Namna gani nitamusahau? Mu kambi tulikuwa balimu saba, sita Bakongomani, na yeye Muzambia peke yake. Alikuja na baiskeli na radio, akasema atakaa miezi mitatu. Alikaa miaka minane. Alijifunza Kiswahili kwa batoto, njo maana mpaka leo anasema sawa mutoto. Umusalimie. Mwambie ningali na ile règle yake ya mbao, ya kupigia mistari.

Wakati ule, Evariste, ninauwaza kila asubui. Tulipaka ubao na makaa ya mabatri. Upepo ulikuwa unaingia upande wa mashariki, na karatasi zinaruka, na batoto banazikimbiza mpaka mu mihogo ya batu. Nilikuwa mukimbizi, sikuwa na kitu, na sijapata kuwa mwalimu zaidi ya vile. Willy, bwana yangu, njo alinitoa pale. Mwaka wa 2010, kambi inafungwa, bengine banatafuta njia ya kubaki, yeye anakuja jioni anasema, "Tunarudi, shamba ya baba yangu inaniita." Shamba! Alilima mwaka moja, akaiachia nyani, akarudilia kupasua mbao. Nilimwambia ile neno mpaka alipokufa, mwaka wa 2019: ulinitoa shuleni bure. Alikuwa anasukuma tu randa yake. Mungu amupumzishe, lakini ile sijaisahau.

Basi, nenda kwa Dorica.

Mwalimu wako,
Fidélie


Nchelenge, tarehe 1 mwezi wa sita, 2025

Mwalimu wangu Fidélie,

Nilifanya sawa ulisema. Siku ya kwanza Madame Dorica alinitazama tu. Siku ya pili alinisomea akiwa amegeuza uso dirishani. Siku ya tatu akaanza kunisahihisha, "Hapana, pale kuna alama ya kuuliza." Siku ya ine tukacheka, kwa sababu tulikuta swali yenye alikosea yeye mwenyewe miaka ine mfululizo, na hakuna mutoto aliyeiona. Hatukurudisha byote. Labda nusu. Sasa mbele ya kufuta sisemi tena "kuhamisha." Ninasema, "Nionyeshe." Mwalimu anaweka flash mu kompyuta ingine, anafungua, ninaona na macho yangu. Shule tano zimeisha, na Madame Dorica alikuja mwenyewe kwa ya sita kuwaambia balimu basiogope.

Lakini Kabuta imenishinda.

Ba Royd alinipokea vizuri sana. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilipotaja jina lako alinishika mikono yote mbili, akasema, "Ba Fidélie! Ba Fidélie!" Akachinja kuku. Kesho yake tukaanza. Shule iko na kompyuta tisa. Nane nilizibadilisha kwa siku mbili. Nikafika kwa ya tisa, ile kubwa, yenye kuongoza zingine na kubeba imprimante ya kuchapa karatasi. Ba Royd akasimama mbele yake.

"Hii hapana," akasema.

Nikamwambia, "Ba Royd, bila hii zile nane haziwezi kusikilizana. Na batoto ba Grade 9 bako na examen ya pratique, ya kompyuta. Batafanya examen namna gani?"

"Hii hapana. Iko vitu vya kambi."

Kumbe kompyuta yetu ya kambi ilipokufa, yeye alipeleka vitu vyake vyote mule. Nikamwambia nitavipeleka kwa flash, mbili hata tatu, atafungua mwenyewe aone. Akakataa. Kufuta hataki, kupeleka hataki, hata kufungua mbele yangu hataki. Akafunga mulango na kufuli, akatia ufunguo mu mufuko wa shati, hapa kwa moyo. Mwalimu mukubwa wa shule alikasirika, akasema ataandika kwa boma. Batoto bamesimama inje banatuangalia sawa mbuzi kwenye mvua.

Mwalimu, wewe unamujua. Iko nini mule?

Evariste


Kilwa, tarehe 12 mwezi wa sita, 2025

Evariste,

Nimecheka, kisha nimewaza sana. Royd hakuwa mutu wa kukataa. Ukimuomba shati anauliza kama unataka na suruali.

Ninafikiri ni chorale. Unakumbuka? Mwaka wa 2009 bageni balitaka kusikia nyimbo za kambi, na Royd akatafuta kipaza-sauti, akakifunga kwa machine na kamba ya viatu, ikamate sauti. Tuliimba mu darasa ya sita, madirisha yamefungwa juu ya upepo, jasho inatiririka. Wewe ulikuwa mustari wa mbele, na ulikuwa unakimbia, unafika mwisho wa wimbo mbele ya wenzako na unatungojea. Batoto arobaini. Leo bengine bako Canada, bengine Lubumbashi, Blessings na dada yake bamekufa, bengine sijui. Royd alikuwa anapenda ile sauti kupita sisi bote. Anaogopa itapotea, basi.

Nimeweka mu hii bahasha karatasi yake. Umupe mukononi. Nimemuandikia: "Royd, ndugu yangu, acha mutoto afanye kazi. Kitu yenye tuliimba tuliimba." Miye mwenyewe sihitaji tena ile sauti. Batoto ba leo banahitaji examen.

Kula vizuri. Cadette anasema umekonda.

Mwalimu wako,
Fidélie


Kabuta, tarehe 28 mwezi wa sita, 2025

Mwalimu Fidélie,

Ba Royd alisoma karatasi yako akiwa amesimama. Halafu akakaa. Halafu akatoa ufunguo.

Ni kweli, ni chorale. Tuliifungua sisi wawili. Mwalimu, sikujua mutu anaweza kusikia butoto wake ukitoka mu kisanduku. Nimesikia Blessings akiimba. Nimesikia miye mwenyewe, miaka kumi na miwili, nikikimbia, na wewe unasema, "Tena, tangu mwanzo. Evariste, hatuko mu mashindano." Inje kulikuwa batu bakipakia chisense, dagaa ya huku, juu ya baiskeli. Balisimama kusikiliza, na mama moja Mukongomani akaanza kuimba pamoja, akalia.

Baada ya nyimbo kuna kipande kingine, batu banaongea. Ba Royd alikizima upesi. Akasema, "Hii ni ya Ba Fidélie na ya marehemu bwana yake. Hii, mpaka yeye mwenyewe aseme." Njo maana mulango ulifungwa, si juu ya chorale tu. Amekubali nipeleke nyimbo kwa flash, lakini kompyuta yenyewe bado amekataa niifute mpaka ujibu.

Ninakutumia flash pamoja na kisanduku kidogo chenye kutoa sauti. Cadette anajua kubonyeza. Uliandika kama hauhitaji tena ile sauti. Sikuamini. Sikiliza kwanza, halafu uniambie.

Evariste


Nchelenge, tarehe 20 mwezi wa saba, 2025

Mwalimu,

Wiki tatu, hakuna neno.

Nilimuuliza Dada Cadette. Alipanga kwanza samaki yake, halafu akaniambia. Alisema alikubonyezea wimbo, ukashika kisanduku, ukakiweka kwa shavu, ukafunga macho kidogo, ukacheka, ukasema "Ni muzuri." Kisha ukakipa batoto ba jirani bacheze nacho.

Sikutegemea vile. Sauti ya batu arobaini, bengine bamekufa, na umetoa kwa kuchezea.

Nimepiga simu tena mara ine. Dada Cadette anasema simu yako iko juu ya meza, inawaka, na réseau ya Kilwa ni nzuri. Kama nimekuchokesha, useme tu. Miye si mutoto tena.

Mu Kabuta bado tunangojea jibu yako. Examen ni mwezi wa tisa.

Evariste Banza


Kilwa, tarehe 2 mwezi wa nane, 2025

Evariste mutoto wangu,

Usikasirike. Ama kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Sisikii.

Mwaka wa 2022 nilishikwa na homa kali. Balinitia quinine na sindano zingine siku nyingi, na nilipoamuka nikaona batu bakifungua midomo bila kutoa sauti. Nilifikiri bananichekesha. Dunia imefungwa, sawa mutu amenitia kichwa ndani ya mayi ya ziwa na hajanitoa. Niliacha kufundisha siku ile ile. Nilikuwa nimefundisha Kilwa miaka kumi na miwili. Mwalimu mwenye hasikii swali ya mutoto ni mwalimu gani?

Sikutaka ujue, na Cadette nilimukataza kukuambia. Ulikuwa unaniandikia sawa ninaandika ubaoni, sawa ningali yule. Kila barua yako nilikuwa ninasikia ndani ya kichwa na sauti yako ya zamani, ile ya kukimbia. Nilifikiri ukijua utaandika polepole, kwa huruma, sawa batu banavyoongea na miye sasa, banapanua midomo.

Kisanduku nilikiweka kwa shavu kwa sababu kinatetemeka. Nilishika tetemeko, nikajaribu kujua ni wimbo gani. Sikujua. Nikacheka juu ya Cadette asione vile imeniuma. Na batoto nilibapa kwa sababu bale banasikia, na niliona midomo yabo ikianza kufuata.

Niliandika kama sihitaji tena. Ilikuwa kweli na ilikuwa uongo.

Sasa ninakuomba kitu. Sikiliza wewe, na uniandikie. Byote. Usiniandikie maneno ya wimbo tu, maneno ninayajua. Uniandikie nani anakohoa, nani anaanza mbele, banc gani inalia. Na kile kipande cha mwisho chenye Royd anaogopa, umwambie ninataka. Nina miaka sitini na miwili, Willy amelala, sina kitu cha kuogopa tena.

Fidélie


Kabuta, tarehe 15 mwezi wa nane, 2025

Bamayo Fidélie,

Mulishani, mukwai; jambo mama. Miye Royd. Kiswahili yangu munajua ni ya batoto, munisamehe.

Ba Willy aliniapisha nisiseme. Nilinyamaza miaka kumi na sita. Sikufuta ile sauti kwa sababu kuifuta ilikuwa sawa kusema haikuwa. Sikuifungua kwa sababu niliapa. Nilibaki katikati, na ufunguo mu shati.

Evariste amenisomea barua yenu. Sikujua masikio yamefunga. Nimekaa chini ya ukuta wa shule mpaka mutoto mmoja amekuja kuniuliza kama niko mugonjwa.

Munaomba byote. Nimemupa byote. Kama Ba Willy atanikasirikia, tutaongea naye kule.

Natotela, asante sana, kwa miaka minane ile.

Royd Nkonde


Kabuta, tarehe 16 mwezi wa nane, 2025

Mama Fidélie, mwalimu wangu,

Nisamehe juu ya barua ya mwezi wa saba. Nilitaka kuvuka nije kukuomba musamaha mbele ya macho, lakini uliomba kwanza hii. Sitaandika polepole. Ninaandika sawa zamani, ninakimbia, wewe utasema tena tangu mwanzo.

Inaanza na kwikwi. Mutoto moja ana kwikwi, nafikiri ni Djo mudogo, na bengine banacheka pua zimefungwa. Unasema, "Meza mate." Kwikwi inakwisha. Banc ya nyuma inalia. Blessings anaanza peke yake, juu sana, juu kuliko ulivyomupa, na unamuacha. Bengine banaingia, na miye ninasikika kwa sababu niko mbele yabo nusu neno. Kati kati, kuku anapita karibu na dirisha. Mutu anapiga guu chini kufuata wimbo, guu zito, lenye kiatu. Ba Royd anasema ni yeye. Mara ya pili tunaimba vizuri zaidi, lakini mwisho bavulana bote banakosa, na wewe unacheka. Mwalimu, nilisahau unavyocheka. Unaanza chini, sawa mutu mwenye kuvuta mayi kwa kisima, halafu inafika juu mara moja. Unasema, "Basi, bageni bataelewa hivyo hivyo. Nendeni mukule." Tunakimbia inje. Mulango. Sauti yako inaendelea inje, ukiita batu kwa majina, inapungua, inakwisha.

Hakuna mutu aliyezima kompyuta.

Kuna nyundo. Ba Royd anasema bwana yako alikuja kutengeneza ile banc. Misumari mitatu. Halafu:

Ba Royd: "Ba Willy, nilifika bureau ya elimu tena jana."

Baba Willy: "Banasema nini?"

Ba Royd: "Banasema hapana. Kambi ikifunga, shule yenu inafunga. Karatasi ya Ba Fidélie ya Congo haitoshi. Kupika chakula cha batoto anaweza, kufagia anaweza. Kufundisha hapana."

 Nilihesabu pumuzi, zilikuwa tano. Musumari moja.

Baba Willy: "Asisikie ile."

Ba Royd: "Ataniuliza."

Baba Willy: "Useme haujui. Miye nitamwambia ninataka kurudi. Nitasema shamba ya baba inaniita. Kilwa banatafuta balimu, kule karatasi yake inatosha."

Ba Royd: "Atakukasirikia."

Baba Willy: "Anikasirikie. Muke anaweza kuishi na bwana mwenye kichwa ngumu, beko bengi. Lakini huyu ukimwambia si mwalimu, atakufa amesimama. Uape, Royd."

Ba Royd: "Ninaapa."

Nyundo tena. Halafu inje unaita, "Willy! Unakula ama unagonga?" Anakujibu na neno moja, fupi, silabi mbili, halafu anacheka. Ile neno sikuielewa. Nilisikiliza mara kumi. Si Kiswahili, si Kibemba, na Ba Royd hajui. Mulango unafungwa. Baada ya pale ni upepo tu, dakika karibu kumi na moja, mpaka mwisho. Niliusikiliza wote, labda kuna kitu. Hakuna. Ni upepo.

Mwalimu, Ba Royd ameuliza kama alifanya vibaya. Nimemwambia nitakuuliza wewe.

Evariste wako


Kilwa, tarehe 30 mwezi wa nane, 2025

Evariste mutoto wangu,

Ninajibu kwa kuchelewa kwa sababu nilikuwa na watu wa kuona.

Siku ile barua ilifika, niliisoma mulangoni, Cadette akingali na beseni juu ya kichwa. Niliisoma tena ndani. Kisha nikavaa kitenge kizuri nikaenda kwa Emilienne, muke wa mudogo wake Willy. Kwa nyumba ile nilisema sana juu ya Willy, miaka mingi, mbele ya batoto, mbele ya supu: alinitoa shuleni, bwana asiye na akili, shamba ya nyani. Nikabaita bote bakae. Nikabasomea barua yako, miye mwenyewe, kwa sauti yenye siisikii. Emilienne anasema nilipiga kelele sana, mpaka jirani bakaja. Vizuri. Na bale bakae.

Kisha nikakwenda kwa kaburi. Yale ya pale hayakuhusu.

Ninawaza ile miaka tisa ya mwisho ya Willy. Nilikuwa ninaamuka, navaa, ninakwenda kufundisha batoto ba Kilwa, ninarudi na vumbi ya chaki mikononi, ninakaa mezani na ninamwambia, ulinitoa shuleni. Na chaki mikononi, Evariste! Alikuwa anaiona. Alikuwa ananiletea mayi ninawe.

Mwambie Royd hakufanya vibaya. Mwambie nimemukasirikia siku mbili, sawa inavyofaa, na siku ya tatu nimemuombea. Mwambie mutu akishika siri ya mwenzake miaka kumi na sita bila kuiuza na bila kuitupa, huyo ni ndugu, na ndugu tunaandikiana. Ninangojea barua yake, na Kiswahili ya batoto ninaipenda hivyo hivyo.

Ile neno ya silabi mbili usiitafute tena. Niliisoma pale ulipoiacha wazi na nikaisikia, kwa sauti yake, na kicheko nyuma yake. Ni jina alinipatia tulipokuwa vijana, mbele ya vita, mbele ya kambi. Sitaliandika. Uache nafasi vile uliiacha.

Mutoto moja wa jirani, mwenye alichukua kisanduku, anakuja kila siku na daftari. Ananiandikia swali, ninamujibu kwa ubao wa nyuma ya nyumba. Jana balikuja watatu. Sijui kama ni darasa. Tutaona.

Sasa weka ile sauti kwa flash mbili, moja ya Royd, moja yako. Kisha futa ile machine. Futa yote, hata upepo. Batoto bako na examen, na wewe uko na shule zingine zinakungojea.

Fidélie, mwalimu